Gari jeusi, kila nikiliosha rangi inazidi kuchakaa. Nakosea wapi?

Jeusi_Tii

Habarini wakuu. Naomba msinicheke. Au chekeni, lakini mnisaidie.

Nina gari jeusi, rangi ya kiwandani, halijawahi kupigwa rangi upya (aliyeniuzia aliapa, nami nilimwamini). Nililichukua miezi minane iliyopita likiwa linang'aa kiasi cha kujitazamia ndevu. Nikajiapiza hakuna mkono mwingine utakaoligusa isipokuwa wangu. Na kweli, kila Jumamosi nimeliosha mwenyewe. Kuna Jumamosi nilikuwa na homa, nikaliosha hivyo hivyo natetemeka.

Juzi usiku nikasimama kujaza mafuta. Nashuka, nageuka kuangalia boneti, taa inamulika kwa juu, naona kitu kama utando wa buibui. Miduara myembamba, mamia kwa mamia, imeizunguka ile taa kama mtu amechukua steelwire ya sufuria akawa anazungusha polepole kuelekea nje. Nikadhani ni uchafu. Nikapitisha kidole, laini kabisa. Nikaenda kwenye mlango, yale yale. Buti, yale yale. Kivulini huoni kitu, gari zuri tu. Juani ama chini ya taa linatia aibu.

Nawaandikia ninavyoosha bila kuficha. Ndoo moja ya maji, sabuni ya unga ya kufulia, sifongo moja kubwa ya njano. Naanza na matairi na rimu kwa sababu ndiko kwenye uchafu mwingi, nikimaliza huko napanda kwenye bodi na sifongo ile ile. Nasugua kwa kuzungusha, sehemu zenye uchafu sugu naongeza nguvu. Naosha saa saba mchana ili jua linisaidie kukausha. Nasuuza kwa maji ya ndoo, namalizia kwa kufuta na fulana yangu ya zamani ya pamba. (Katikati ya wiki siliachi chafu, kila asubuhi kabla ya kuondoka nalipangusa vumbi na kitambaa kikavu, dakika mbili tu.) Kinyesi cha ndege nakikwangua kwa ukucha.

Kinachoniuma zaidi ni jirani yangu. Lake na langu ni mwaka mmoja, rangi ile ile nyeusi. Yeye haoshi. Husubiri mvua. Jana nimelimulika la kwake kwa tochi kama mwizi, na rangi yake ni nzima kuliko yangu.

Je, ni mimi ninayeliharibu? Na hii miduara inatoka, au ndiyo basi tena? Kuna mtu kaniambia nisugue kwa dawa ya meno.

---

Bodi_Bapa

Mkuu, nilipofika kwenye "sifongo ile ile" nikafumba macho. Nilipofika kwenye ukucha nikasimama nikaenda kunywa maji.

Dawa ya meno usiguse. Ina chembe za kusugulia meno, na meno ni magumu kuliko rangi. Waachie wakubwa wenye ujuzi waje, mimi nimekuja kutoa pole.

---

Fundi_Mgongo

Kijana wangu, nimepiga rangi magari zaidi ya miaka ishirini, nikaacha mgongo uliponikatalia. Kabla hujailaumu sabuni, rudi usome ulichoandika. Umetaja sabuni, umetaja jua, umetaja sifongo. Halafu kwenye mabano, kama kitu cha kupita tu, ukataja kinachokumaliza: kitambaa kikavu kila asubuhi. Unaliosha mara moja kwa wiki, na kulipiga msasa mara sita.

Jirani yako si mjanja. Ni mvivu, na uvivu wake umelinusuru gari lake, kwa sababu vumbi likitulia juu ya rangi halifanyi lolote. Madhara huanza pale mtu anapolisukuma.

Sikiliza jinsi rangi ilivyojengwa. Kwenye bati la kiwandani kuna praima, ile rangi ya chini ya kushikizia, juu yake rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna klia, ule utando usio na rangi unaotoa mng'ao. Vyote kwa pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake mara nyingi ni kama 40 au 50. Maikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Unywele wako mmoja unakaribia maikroni 70. Kwa hiyo ngao yote ya ile rangi yako nyeusi ni nyembamba kuliko unywele. Na klia ni jamii ya plastiki, wakati vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni mgumu kuliko kioo cha dirisha. Hapo huhitaji kuambiwa nani atamkwaruza nani.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho hata mafundi wengine hawakijui. Chukua tochi usiku, imulike boneti, tazama hiyo miduara. Kisha isogeze tochi mkono mmoja kushoto. Miduara itahama pamoja na tochi. Unajua kwa nini? Kwa sababu si miduara. Ni maelfu ya mikwaruzo midogo iliyolala kila upande, na macho yako yanaiona ile tu iliyokaa mkao wa kurudisha mwanga kwako, hiyo ndiyo inayojipanga kuizunguka taa. Ndiyo maana tunasema osha kwa mistari iliyonyooka. Mstari haukuzuii kukwaruza, asikudanganye mtu. Ila mikwaruzo ikilala upande mmoja utaiona kwa pembe moja tu. Ukizungusha mkono, umeitawanya kila upande na itaonekana popote utakaposimama.

Mengine uliyoyataja nitayapitia, mengine kwa haraka.

Sabuni ya unga. Haitaibabua rangi kwa wiki moja kama watu wanavyotishana. Tatizo lake ni mawili: ni kali, inaondoa nta yoyote uliyopaka kulinda rangi, na punje zake zisipoyeyuka vizuri nazo zinakuwa mchanga mwingine ndani ya ndoo. Sabuni ya maji ya vyombo nayo inaondoa nta. Shampuu ya gari haina miujiza, kazi yake kubwa ni utelezi: inaifanya chembe iteleze badala ya kung'ang'ania. Na fuata kipimo cha kwenye chupa. Ukijaza povu kupita kiasi haisafishi zaidi, inakuongezea kazi ya kusuuza.

Sifongo. Uso wake ni bapa, chembe ikiingia kati yake na rangi haina pa kukimbilia, inaburutwa toka mwanzo wa mlango mpaka mwisho. Chukua glavu ya kuoshea, ile ya maikrofaiba yenye manyoya marefu. Chembe inazama ndani ya manyoya, inakaa mbali na rangi mpaka uisuuze.

Matairi na rimu. Hapa ndipo ulipojimaliza mara ya pili. Uchafu mweusi wa rimu si vumbi la barabarani tu, una vipande vidogo vya chuma vinavyotoka kwenye breki. Wewe ulikuwa unavichota kwa sifongo, unavipandisha kwenye bodi. Unaweza kuanza na matairi au kumaliza nayo, sina ugomvi na hilo, lakini yawe na ndoo yake, brashi yake na kitambaa chake, na visikutane na vya bodi hata kwenye kuanika.

Ndoo ziwe mbili. Moja ina shampuu, nyingine ina maji matupu. Chovya kwenye shampuu, osha sehemu ndogo, kabla ya kurudi kwenye shampuu suuza glavu kwenye maji matupu, ikamue, ndipo uchovye tena. Ukimaliza tazama chini ya ndoo ya maji matupu. Mchanga utakaouona pale ndio uliokuwa unaurudisha kwenye gari lako kila Jumamosi. Kuna wavu wa plastiki unawekwa chini ya ndoo ili mchanga ushuke usirudi juu. Ukiupata vizuri, usipoupata usilie.

Lakini haya yote ni ya pili. La kwanza ni kuondoa uchafu kabla hujaligusa gari. Maji mengi toka juu kushuka, taratibu, mpaka yanayodondoka chini yasiwe na rangi ya tope. Kama una mashine ya presha, tumia pua inayotawanya maji kama feni, kaa sentimita 30 au zaidi, na usiilenge kwenye kingo za rangi iliyobanduka maana itaibandua zaidi. Kama una povu, lipake gari lote, liache dakika chache lilegeze uchafu, lisikaukie, kisha suuza. Ndipo glavu iguse. Anza paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Malizia nusu ya chini na bampa, maana huko chini ndiko matairi yanakorushia mchanga. Usikandamize. Uzito wa glavu yenyewe unatosha. Pasipotoka kwa kupita mara mbili, hapo panahitaji dawa au muda, si nguvu.

Saa saba mchana hapana. Weka kiganja kwenye boneti, ukiona pana moto mkononi, kunywa chai usubiri. Kwenye bati la moto maji na sabuni hukauka kabla hujasuuza, na huacha madoa.

Kinyesi cha ndege kina tindikali na punje ngumu, kwa hiyo hakisubiri Jumamosi. Lakini usikwangue. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika tano au kumi, kikishalegea kinyanyue juu kama unaokota kitu, usikiburute.

Na fulana ipumzishe. Ina mishono, na pamba ikishafuliwa miaka haina ulaini wowote.

---

Jeusi_Tii

Shikamoo mzee.

Nimesoma mara tatu. Hapo pa msasa mara sita nimejisikia vibaya kweli, maana hizo dakika mbili za asubuhi ndizo nilizokuwa najivunia. Na jaribio la tochi nimelifanya usiku ule ule, mke wangu ananitazama toka dirishani. Miduara imehama kweli!

Lakini nina matatizo mawili. La kwanza, nakaa ghorofa ya nne, bomba la nje hakuna, mpira wa maji hauwezi kufika. Maji nabeba kwa dumu. Hayo "maji mengi toka juu kushuka" kwangu ni ndoto. La pili, asubuhi gari lina vumbi jeupe juu ya weusi, naenda nalo kazini hivyo hivyo?

---

Fundi_Mgongo

Marahaba. La pili nakujibu sasa: nenda nalo hivyo hivyo. Ukiwa na mgeni na unaona haya, lioshe. Njia ya katikati, ya kupangusa kavu, haipo. Hata yale mabrashi ya manyoya ya kupangusia vumbi nimeyaona yakimaliza magari ya watu.

La kwanza wapo humu wanaoliweza kuliko mimi. Mimi kazini nilikuwa na maji.

---

Ghorofa_ya_Saba

Hilo la kwanza ni langu. Mimi ni ya saba, na lifti yetu inafanya kazi ikipenda.

Kaka, tafuta pampu ndogo ya mkono, ile ya kunyunyizia bustani, ya lita mbili. Hiyo ndiyo bomba lako. Weka maji na shampuu kidogo, nyunyizia gari lote, subiri dakika tatu nne, nyunyizia tena mpaka uone uchafu unateremka wenyewe kwa michirizi. Haina nguvu kama presha lakini inalegeza, na lita mbili zinaenda mbali sana zikitoka kama mvua ya manyunyu.

Halafu kuna shampuu maalumu isiyohitaji kusuuzwa. Unaichanganya kidogo sana kwenye ndoo ya lita kumi (soma chupa, mimi yangu ni kama vijiko viwili vya chakula), na imetengenezwa izizunguke chembe na kuzipa utelezi, kisha unafuta kwa taulo na hakuna kusuuza. Usijaribu hivyo kwa shampuu ya kawaida, itakauka na kukuachia michirizi.

Mimi naweka vitambaa vinane vya maikrofaiba ndani ya ndoo kwa mpigo. Nachukua kimoja, nakikunja mara mbili kiwe na nyuso za kutosha, napitisha mlango mmoja kwa mistari bila kukandamiza, nageuza uso, napitisha tena. Kikiisha nyuso zote hakirudi kwenye ndoo. Kinaenda kwenye mfuko wa vichafu. Hiyo ndiyo siri yote: kitambaa kichafu hakikutani na maji safi, kwa hiyo ndoo moja inatosha. Nakausha sehemu ile ile kabla sijahamia nyingine. Gari zima linaisha kwa maji yasiyofika lita kumi na tano, na dumu la ishirini linabaki na ya kunawia miguu.

Onyo moja. Njia hii ni ya vumbi. Likirudi na tope lililokaukia, usilidanganye kwa kitambaa. Siku hiyo lipeleke panapooshwa kwa presha, waambie wapige maji tu na povu, wasiliguse. Wakikuuliza kwa nini, jifanye mkali kidogo.

Na vitambaa vyako: kata ile lebo ya pembeni, inakwaruza. Vifue peke yake, visichanganywe na nguo za pamba maana vinaokota manyoya. Usitumie dawa ya kulainishia nguo, inaziba nyuzi na kitambaa hakinywi maji tena. Niliharibu vitambaa kumi na mbili kwa kutaka vinukie.

Kikidondoka chini, hata kwenye sakafu inayoonekana safi, ndio basi kwa siku hiyo. Ukikikung'uta ukakirudisha kwenye gari ni afadhali ungeitumia ile fulana.

---

Fedha_Tupu

Nyie watu mnatishana bure. Gari langu la rangi ya fedha nimeliosha kwa sabuni ya unga na sifongo miaka tisa. Muda mwingine nalipitisha kwenye mashine ya mabrashi yanayozunguka, dakika tano nimeondoka. Halina mkwaruzo hata mmoja. Tatizo ni kununua gari jeusi, basi.

---

Bodi_Bapa

Fedha_Tupu, lipige tochi usiku halafu urudi hapa.

---

Fundi_Mgongo

Nusu ya kwanza umekosea, nusu ya pili umepatia. Mikwaruzo iko kwenye klia, na klia ya gari la fedha haina tofauti na ya gari jeusi. Tofauti ni kinachoonekana nyuma yake. Rangi ya fedha ina chembe zinazorudisha mwanga kila upande, kwa hiyo mkwaruzo unapotea katikati ya kumeremeta. Jeusi ni kioo cheusi, kila mstari unaonekana. Gari lako nalo limekwaruzwa, ila limeumbwa na sura ya kuficha.

Hiyo mashine ya mabrashi, jiulize gari lililokutangulia lilitoka wapi. Kama lilitoka kwenye tope, mchanga wake bado uko kwenye zile nyuzi zinapoanza kulipiga la kwako. Kama lazima utumie mashine, chagua isiyogusa, inayotumia maji na dawa peke yake. Dawa zake ni kali, zitaondoa nta, lakini nta inapakwa tena.

---

Fedha_Tupu

Nimelipiga tochi.

Sitaki kuongea.

---

Ghorofa_ya_Saba

🤣🤣 Karibu, kaka.

Nilisahau kitu kuhusu kukausha, na kwenye jeusi ni muhimu. Maji ya kwetu ni magumu, yanaacha ukoko mweupe hadi kwenye birika. Mwanzoni nilikuwa nasuuza vizuri, naliacha gari lijikaushe, najiona nimekwepa kufuta. Baada ya wiki chache paa likawa na vidoa vya duara, kama nyayo za mvua. Maji yanakauka, chokaa yake inabaki. Vikiwahiwa vinatoka kwa siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, unapaka na kusuuza mara moja kivulini. Vikikaa juani wiki nyingi vinakula klia na hapo ni polishi tu.

Kwa hiyo usiache maji juu ya bati. Taulo kubwa la kukaushia, litandaze juu ya boneti, lipigepige kwa viganja, lishike pembe mbili ulinyanyue. Kusugua hakuna.

---

Jeusi_Tii

Dada asante sana, hapo pa pampu umeniokoa.

Mzee, kuhusu iliyokwisha kuwepo. Inatoka?

---

Fundi_Mgongo

Inatoka, lakini uelewe kinachofanyika. Mkwaruzo haujazwi. Polishi inakula klia ya pembeni mpaka usawa wa uso ushuke ulingane na chini ya mkwaruzo. Rangi haikutibiwa, imepunguzwa. Ndiyo maana haifai kuwa mchezo wa kila mwezi. Ukipiga polishi leo halafu Jumamosi ukarudi na sifongo yako, utafika siku klia imekwisha na hakuna polishi ya kuirudisha.

Kwa hiyo kwanza badilisha uoshaji. Osha kwa njia mpya mwezi mzima mpaka mkono uzoee. Kisha tafuta fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, kile kidude kinachogusa bati na kukupa namba. Akianza kabla ya kupima, mshukuru uondoke. Amepima? Mwambie ajaribu kipande kimoja kidogo, kwa polishi laini kuliko zote alizonazo. Ikitosha, ndiyo hiyo hiyo gari zima. Wapo wanaoanza na kali kwa sababu inamaliza kazi upesi. Kingo za boneti na mikunjo ya milango aziogope, klia huko ni nyembamba na mashine inapita nayo haraka.

Ule mkwaruzo ambao ukucha unakwama ukipitisha, uache. Huo umeshuka sana. Kuufuata ni kumaliza klia ya eneo zima kwa ajili ya mstari mmoja.

Na uwe macho: kuna polishi zenye mafuta ya kujaza. Gari linatoka linameremeta, unaliosha mara mbili, miduara imerudi. Mwambie fundi akimaliza afute kipande kwa spiriti iliyochanganywa na maji, akimulike mbele yako. Kikibaki safi, kazi ni ya kweli.

Ukishamaliza paka nta. Ile ya kawaida inadumu wiki kadhaa hadi miezi michache. Wataalamu wa siku hizi watakuuzia seramiki, utando wa kupaka juu ya klia badala ya nta, nayo ni nzuri, maji na uchafu vinateleza. Ila akikuambia haikwaruziki, hapo anauza maneno. Mchanga hausomi lebo.

---

Jeusi_Tii

Wakuu, nimerudi. Imepita wiki ya sita.

Nimeosha mara tano tu, maana nimegundua halihitaji kila Jumamosi. Pampu ya lita mbili, vitambaa vinane, ndoo moja, jioni jua likishuka. Siku ya kwanza nilichukua saa mbili nikaumwa kiuno. Sasa ni dakika hamsini. Mara moja nilitoka safari na tope hadi kwenye madirisha, nikaenda kupigiwa maji ya presha. Kijana akaja na tambara lake mkononi, nikaruka mbele yake kama golikipa. Alinitazama vibaya lakini akalirudisha.

Jana nikaenda kwa fundi wa polishi. Ana kipimo. Akaanza boneti: maikroni 118. Paa: 124. Mlango wa mbele kushoto: 121. Mimi natabasamu, namwambia rangi ya kiwandani hiyo, haijaguswa. Akagusa mlango wa nyuma kushoto.

264.

Akarudia mara nne, mahali tofauti. 259, 270, 262, 310. Akanitazama tu, hakusema kitu. Mzee, aliyeniuzia aliapa!

---

Fundi_Mgongo

Pole. Mlango umepigwa rangi upya, na pale penye 310 huenda pamewekwa puti ya kuzibia bonyeo. Usikasirike sana. Kama hukuuona kwa macho miezi yote hiyo, aliyeupiga alijua kazi.

Ila usidanganyike na ukubwa wa namba. Kipimo kinasoma vyote kwa jumla, hakikuambii klia ni ngapi. Inaweza kuwa rangi nyingi na puti chini, klia kiduchu juu. Mlango huo usiupige polishi kama mingine. Uguse mara moja, kwa ile polishi laini, na kama miduara haijaisha yote, ibaki.

---

Jeusi_Tii

Ndivyo alivyosema na yeye, karibu neno kwa neno. Tumeuacha ule mlango na theluthi ya miduara yake. Kwingine pametoka. Si pote, kuna mstari mmoja kwenye buti ukucha unakwama, tumeuruka. Alifuta kwa spiriti, akamulika, nikainama mpaka pua ikagusa bati. Safi.

Leo asubuhi nimelikuta na vumbi jeupe kote. Mkono ulienda wenyewe mfukoni kutafuta kitambaa. Nikaurudisha, nikaingia, nikawasha gari nikaenda kazini hivyo hivyo.

---

Bodi_Bapa

Na fulana?

---

Jeusi_Tii

Nafutia viatu.

---

Ghorofa_ya_Saba

Viatu vya rangi gani?

---

Jeusi_Tii

Vyeusi.